Kebo ya gitaa ya kujitengenezea: jeki na waya wa kununua, kwa mpangilio wa ubora

Kebo ya gitaa mara nyingi hufia kwenye jeki (kichwa cha kuchomeka), mahali waya unapoingia, si katikati. Kwa hiyo kama bajeti ni ndogo, bana kwenye waya, usibane kwenye jeki. Unahitaji jeki mbili za mono (njia moja ya sauti) za milimita 6.35.

Jeki

1. Neutrik NP2X. Ukikaza kifuniko cha nyuma, meno yake ya plastiki hushika ganda la waya wenye unene wa milimita 4 hadi 7. Mtu akikanyaga kebo, mvuto unaishia kwenye ganda na risasi iliyounga waya haiguswi.

2. Switchcraft 280. Ni ngumu na hudumu miaka, ila kinachoshika waya ni masikio mawili ya chuma unayoyakunja kwa koleo. Ukikunja mno yanakata ganda, ukilegeza waya unateleza.

3. Zisizo na chapa, zilizojaa Kariakoo (Dar es Salaam) na Luthuli (Nairobi). Ifungue dukani kabla ya kulipa, shika ncha kwa vidole uizungushe. Ikicheza, rudisha. Plastiki yake ya ndani huyeyuka kwa joto la risasi, ncha inalegea, na hapo ndipo mikwaruzo inapoanzia.

Waya

Gitaa lisilo na betri ndilo linaloathiriwa na aina ya waya: kadiri pikofaradi (kipimo cha chaji ambayo waya hushikilia) zinavyoongezeka, ndivyo sauti za juu zinavyofifia. Kinanda hakisumbuki na hilo, kwa hiyo mpiga kinanda asilipie namba hizi.

Chaguo la kwanza ni Mogami 2524, pikofaradi 130 kwa mita. La pili Canare GS-6, yenye 160. Kebo yake ya mita 6 inafika 960 badala ya 780 za Mogami, tofauti ambayo wengi hawataisikia. Sommer Spirit LLX ina 52 tu, lakini inunue tu ikiwa kebo yako itapita mita 6 au gitaa lako tayari lina mlio mzito. Kwa chumbani, hizo ni pesa za bure.

Waya wa maikrofoni wenye nyuzi mbili unafaa ukikosa hizo. Uzi mmoja uende kwenye ncha, wa pili kwenye mwili wa jeki, na wavu (nyuzi za chuma zinazozunguka zile za ndani) uunge kwenye mwili upande wa amplifaya peke yake.

Waya wa spika hauna wavu, utanguruma. Wa antena una moyo mmoja mgumu unaokatika ukikunjwa mara kadhaa. Muuzaji akikuambia "ni ile ile tu", ondoka.

Vya kuungia

Chukua risasi ya 63/37 (bati 63, risasi 37) ya milimita 0.8 yenye dawa ya kuifanya ishike ndani, na chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60. Dawa ya mafundi bomba ina asidi, hula shaba. Kwa kebo ya mita 3, kata mita 3.1, maana ncha ya kwanza huenda ukairudia.

Vifuniko vya jeki vivishwe kwenye waya kabla ya kuchoma chochote. Ukisahau, unafumua kazi yote. Menya ganda la nje sentimita 2, kusanya wavu pembeni uusokote. Chini ya wavu, nyaya nyingi za gitaa zina tabaka jembamba jeusi linaloonekana kama plastiki ya kawaida. Linapitisha umeme. Libandue lote hadi ganda la nje lilipoishia, kisha menya uzi wa kati milimita 4. Paka risasi ncha zote mbili, unga ya kati kwanza, ya wavu mwisho.

Pima kwa mita ya umeme (multimeter) huku ukitikisa waya: ncha kwa ncha ilie, ncha kwa mwili isisome kitu. Ncha kwa mwili ikisoma kilo-omu (ukinzani) kadhaa, kuna kipande cha tabaka jeusi kimegusa ncha. Fungua jeki ukikate kwa wembe.