Makovu ya mapafu: vidonge au mitishamba ya Kichina?

Pirfenidoni na nintedanibu, dawa mbili za vidonge, ziliidhinishwa Marekani mwaka 2014. Haziondoi kovu, ila hupunguza kasi ya mapafu kukakamaa, na hilo limeonekana katika majaribio makubwa. Kero zake ni kichefuchefu, kuharisha, na bei inayoumiza.

Huangqi na danshen, mizizi ya dawa, huchemshwa China, mgonjwa akanywa maji yake. Ushahidi wake bado ni haba. Tena mitishamba nayo hudhuru: Japani, mwaka 1996, serikali ilionya kwamba sho-saiko-to, mchanganyiko waliopewa wagonjwa wa ini, ulihusishwa na homa ya mapafu iliyoua watu 10. Danshen huongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu ikavuja.

Mimi ningeshika vidonge, na kila mzizi ningemwonyesha daktari kwanza.