Plastiki ndogo: tufuate Marekani ama Ulaya?

Kama serikali ya Kenya itashika hii mambo ya plastiki ndogo, zile chembe ndogo sana za plastiki (microplastics) kwa bidhaa zetu, kuna njia mbili za kuangalia. Marekani walipitisha sheria mwisho wa 2015, na kutoka Julai 2017 kampuni haziruhusiwi kutengeneza skrabu, sabuni ya uso ama dawa ya meno yenye zile chembe za plastiki za kusugua. Ni rahisi kuelewa na kusimamia, lakini inashika tu vitu vya kupaka kisha kusuuza na maji; losheni na lipstiki ziliachwa hivyo hivyo.

Ulaya walikuja 2023 na kitu kubwa zaidi: karibu kila plastiki ya chini ya milimita 5 iliyowekwa makusudi, kwa glita, vipodozi, mbolea, sabuni za kufua, hadi punje za mpira kwa viwanja vya nyasi bandia. Shida ni muda, maana vipodozi vya kusuuza vina hadi 2027, losheni 2029, lipstiki na rangi ya kucha 2035, na kwetu huo muda wote uchafu ungekuwa unashuka tu Mto Nairobi, unaingia Athi, unafika baharini karibu na Malindi na samaki ni sisi tunakula.

Mimi nataka upana wa Ulaya kwa spidi ya marufuku yetu ya mifuko ya plastiki ya 2017, ilitangazwa Februari, kufika Agosti ikaanza kazi, faini mpaka shilingi milioni 4. NEMA, mamlaka yetu ya mazingira, waanze na skrabu na glita. Nyuzi za polista zinazotoka tukifua nguo nazo zinahitaji sheria yake, hizi mbili zote hazizigusi.