Uzoefu wangu: njia ya mbao juu ya mizizi, bila kukata hata mmoja

Mti wa bustanini kwetu ulikuwapo kabla ya nyumba. Mizizi yake imejitokeza juu ya ardhi, na mama alishajikwaa mara mbili akienda kumwagilia maua. Fundi wa kwanza niliyemwita alitazama dakika tano tu, akasema tukate mizizi, tusawazishe, tumwage zege. Nilimshukuru nikamwacha aende zake. Mizizi mingi ya mti haizami sana, hutambaa ndani ya sentimita 60 za juu. Ukikata ile minene ya upande mmoja, mti unakosa maji, na siku ya upepo mkali unakosa cha kuushikilia.

Seremala aliyekuja baadaye ndiye ninayemsifu hapa. Siku ya kwanza hakugusa msumeno. Alishika nondo nyembamba, akawa anadunga udongo taratibu kila alipotaka kusimamisha nguzo. Akigusa mzizi, anasogea kiasi cha kiganja, anadunga tena. Mashimo yote aliyachimba kwa mwiko mdogo. Shimo moja lilipofunua mzizi mnene kama kifundo cha mkono wangu, alilifukia kwa udongo uleule, akahamisha nguzo. Ndiyo maana nguzo zetu hazifuatani kwa vipimo sawa: hapa mita moja, pale karibu mita moja na nusu, na penye nafasi pana aliweka boriti nene zaidi. Asiyejua atadhani ni kazi ya kulipua. Mimi naona ufundi wenyewe uko hapo.

Boriti ziko juu kiasi kwamba ngumi inapita kati yake na mzizi, kwa sababu mizizi nayo hunenepa. Mbao zimeachiana karibu sentimita moja ili maji ya mvua yashuke udongoni. Kuzunguka shina ameacha uwazi mpana, na mbao za hapo amezifunga kwa skrubu zisizoshika kutu, ili zifunguliwe na kupunguzwa mti ukipanuka.

Lawama yangu ni moja, na si ndogo. Mbao zilizotiwa dawa zikikatwa, ncha hubaki wazi pale ambapo dawa haikufika, na ncha zetu hazikupakwa tena. Baada ya mvua za mwanzo nikaona nne zimeanza kuwa nyeusi. Nilimpigia, akaja kesho yake bila kubishana, tukazifungua pamoja, akazikausha na kuzipaka. Kama unajenga, simamia hilo mapema, kabla mbao hazijafungwa. Tena majani yakilowa juu ya njia panateleza vibaya, kwa hiyo nafagia kila baada ya siku mbili na kusugua kwa brashi ngumu.

Msimu mzima wa mvua umepita sasa. Mti umechipua pande zote, hata upande wa njia, na mama anapita na ndoo yake bila kushika ukuta. Seremala huyohuyo nimeshamwomba aje kutengeneza kipande cha nyuma ya nyumba.