TAHADHARI: Kituo cha jioni Mbagala kinachukua hela za mtihani wa QT na hakisajili mtu

Ndugu zangu wa Dar, hasa mnaotaka kurudi shule ukubwani, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna kituo cha masomo ya jioni huku Mbagala kinapokea ada, kinapokea na hela ya mtihani, halafu jina la mwanafunzi halifiki Baraza la Mitihani. Jina la kituo silitaji kwa sababu suala liko polisi. Ila wanavyofanya nitaeleza, maana bango likibanduliwa hapa litabandikwa Gongo la Mboto au Tegeta.

Aliyelizwa ni wifi yangu. Aliishia darasa la saba, ni mama lishe, na shilingi 380,000 alizotoa zilikuwa hela zake za mchezo, zamu aliyoisubiri kwa muda mrefu. Alitaka cheti cha kidato cha nne ili aombe chuo cha ualimu wa chekechea. Wale jamaa wakamwambia: unaanza Januari, unafanya QT na fomu foo mwaka huo huo, mwakani una cheti mkononi.

Hapo hapo ndipo pa kushtuka. QT, yaani Mtihani wa Maarifa, ni kwa mtu ambaye hakupitia sekondari kwa njia ya kawaida. Ni lazima uufaulu kwanza ndipo ukubaliwe kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na mitihani yote miwili hufanyika Novemba. Sasa utafanyaje wa pili wakati matokeo ya wa kwanza hayajatoka? Anayeanzia la saba ahesabu miaka miwili, tena hapo amesoma kwa bidii. Akija mtu na "viwili ndani ya mwaka mmoja", ondoka, hata kama ana bango lenye picha za wahitimu waliovaa majoho.

Risiti yake ninayo hapa mezani. Imetoka kwenye kitabu cha risiti cha kawaida cha stationery, wino wa bluu. Muhuri una jina refu la kituo lakini hauna sanduku la posta wala namba yoyote ya usajili. Ada, fomu na mtihani vimeandikwa mstari mmoja: "malipo yote". Meseji ya muamala inaonyesha hela imekwenda kwenye laini ya mtu binafsi, na jina la mwenye laini halifanani na la aliyesaini risiti. Wifi aliliuliza hilo, akajibiwa kuwa ni namba ya mhasibu.

Masomo yalianza kweli, ndiyo maana watu walituliza moyo. Saa kumi na moja jioni mabenchi yanajaa: mafundi, dada wa saluni, mlinzi mmoja anakuja na sare yake. Mwalimu wa hesabu alikuwa mzuri hasa. Baada ya muda walimu wakaanza kupungua mmoja mmoja, kisha ikawa "usajili unashughulikiwa, msiwe na wasiwasi". Kila mtu akiomba namba yake ya mtihani anaambiwa wiki ijayo. Dirisha la usajili likafungwa. Siku waliyokuta mlango umefungwa, mwenye nyumba naye alikuwa nje anadai kodi yake.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni hili: kituo cha tuisheni na usajili wa mtihani ni vitu viwili tofauti. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea unafanyika mtandaoni kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, na ada ya mtihani inalipwa kwa kontroo namba, siyo kwenye laini ya mtu. Mwalimu anaweza kukusaidia kujaza, hakuna ubaya, lakini kaa naye pembeni, ilipe wewe mwenyewe, na usibanduke mpaka umeona jina lako na namba yako ya mtihani. Hela ya tuisheni mlipe kwa mwezi. Anayekulazimisha ulipe ya mwaka mzima kabla ya Ijumaa ili upate punguzo, mwache na punguzo lake.

Mwenye mashaka aende Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, Barabara ya Bibi Titi Mohamed pale mjini. Kazi yao ni hii hii, tangu 1975. Uliza bila aibu. Hawa matapeli wanaishi kwa aibu yetu. Wanajua mtu wa miaka arobaini hataki kuonekana hajui QT ni nini, basi atalipa na kunyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata hela. Na kwa wanaotafuta kozi za cheti au diploma, chuo kitafute kwanza kwenye orodha ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi; kama ni chuo kikuu, kwenye orodha ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Kama hakimo, maelezo ya mkuu wa chuo hayakusaidii.

Kwa mliokwisha kulipa: msifute meseji za muamala. Nendeni kituo cha polisi mkachukue RB, yaani namba ya taarifa yenu pale polisi, na namba iliyowatumia meseji za kitapeli iripotini kwa kuituma 15040, bure.

Mliosoma chumba kile cha ghorofani karibu na stendi ya Rangi Tatu, mapazia ya kijani, tafadhali nitumieni ujumbe hapa. Wifi na wenzake wameshatoa maelezo, na mpelelezi anataka nakala za risiti nyingi iwezekanavyo zenye muhuri ule ule. Hata kama ulitoa elfu ishirini ya fomu tu, njoo nayo.