Kundi la Morris la hapa Oxford: uzoefu wangu wa misimu miwili ya njuga, leso na fimbo

Niko Oxford mwaka wa sita sasa, nafanya kazi ya kutunza wazee, na kila nikipiga simu nyumbani Tanga lazima mtu aniulize hivi hao wazungu wana ngoma au ni mpira tu. Miaka minne yote nilikuwa najibu hawana, wana mpira na mvua. Nilikuwa sijui kitu. Nimeshatoka na kundi la Morris, ngoma ya asili ya Waingereza, la mtaani kwetu misimu miwili mizima, wa kwanza natazama tu, wa pili nacheza mwenyewe, na naandika hapa ili mwenzangu aliye huku asichelewe kama nilivyochelewa mimi.

Ilikuwa Alhamisi jioni mwezi wa sita, nimetoka shifti ya asubuhi miguu imechoka, nashuka kwenye basi nasikia njuga. Nikadhani nimesikia vibaya. Njuga Oxford? Nikafuata sauti mpaka nje ya pabu moja, yaani baa ya mtaa, ya kona, nakuta watu sita wamesimama watatu watatu wanatazamana, nguo nyeupe juu mpaka chini, mikanda miwili imekatiza kifuani, kofia zina maua, na kuanzia chini ya goti mpaka karibu na kifundo wamefunga ngozi iliyoshonewa njuga ndogondogo, nyingi kweli. Kila mkono una leso nyeupe, kubwa, pembe yake moja imezungushwa kidoleni isiruke. Kuna mzee mwenye akodiani ya vitufe akaanza kupiga, wale sita wakaruka kwa pamoja, na hapo ndipo waliponishika, maana wakiwa hewani hakuna sauti kabisa, leso zote kumi na mbili ziko juu, halafu wakitua njuga zinapiga chwaa mara moja kama mtu kamwaga shilingi kwenye sinia. Nilisimama pale mabasi mawili yakanipita.

Baadaye wakaacha leso wakachukua fimbo. Kuna ngoma moja wanaiita ya kupanda maharage, wanainama wanachoma ardhi kwa ncha ya fimbo, tk, tk, kama mtu anatoboa mashimo ya mbegu, halafu wanainuka wanagonganisha na mwenzao, halafu wanapishana ndani kwa nje wanasukana kama ukili, kila mtu anarudi mahali pake bila kugusana bega. Waliowahi kuona kirumbizi cha Lamu watanielewa nikisema fimbo inaongea, ila kirumbizi unamvizia mwenzako na hii kila pigo limehesabiwa na muziki, ukichelewa kidogo tu fimbo yako inapiga hewa na wote wanaona.

Wakati wa mapumziko mmoja wa wazee wao akanisogelea akaniuliza kama nimependa, tukaongea weee. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba ngoma hii ina maandishi ya tangu 1448, chama cha masonara wa London walilipa wachezaji wa Morris shilingi 7, na mwaka 1600 mchekeshaji wa jukwaani anaitwa Will Kemp akacheza kutoka London mpaka Norwich, siku tisa za kucheza, barabarani, zaidi ya maili 100. Lakini hadithi iliyonikaa ni ya hapahapa Headington, umbali wa kutembea kutoka ninapokaa. Krismasi ya 1899 baridi ilikuwa kali, mafundi wa ujenzi hawana kazi, basi tarehe 26 Desemba wakatoka kucheza nyumba kwa nyumba wapate chochote, na hata si msimu wake maana Morris ni ya majira ya joto. Nyumba moja kulikuwa na mgeni, mwalimu wa muziki Cecil Sharp, akiwa dirishani akawasikia, kesho yake akamwita mpigaji wao kijana William Kimber ampigie tena aandike zile tuni. Miaka michache baadaye Sharp akazunguka Uingereza anakusanya ngoma na nyimbo zilizokuwa zinakufa. Yani njaa ya mafundi ndiyo iliyookoa ngoma. Mimi hilo linanigusa, kwa sababu nimeona ngoma ngapi za bibi zangu zimeondoka na wenyewe na hakuna aliyekuwa dirishani kusikiliza.

Kulikuwa na swali moja lazima niulize na niliuliza siku hiyohiyo, sikutaka kulibeba. Nilishawahi kuona picha za wachezaji wa Morris wamejipaka uso mweusi tii. Yule mzee hakubabaika. Akasema hao ni wa mtindo unaoitwa Border, wa upande wa mpaka na Wales, wanaovaa makoti ya viraka, na mwaka 2020 vyama vyote vitatu vikubwa vya Morris vilikubaliana kuacha kupaka uso mzima mweusi, siku hizi wengi utawakuta na kijani, bluu, rangi yoyote ile. Mtindo wa Cotswold, wa vijiji vya huku Oxford na jirani zake, ambao ndio wa kundi letu, hawapaki kitu. Akamaliza kwa kuniambia kama ningekaa kimya yeye angesikitika zaidi. Ni jibu la mtu mzima, na bila hilo nisingerudi.

Mwezi wa kumi nikaanza mazoezi. Ni ukumbi wa kanisa, Jumatano usiku, masaa mawili, unachangia pauni 3 za ukumbi, basi. Wana vyeo vyao, kiongozi ni squire, anayefundisha hatua ni foreman, katibu anayeshughulika na barua na bukingi ni bagman, na mimi nikakumbuka wazee wanavyosimulia beni za pwani zilivyokuwa na vyeo vyake, mtu mchana ni kuli usiku ni kingi. Hatua ya msingi ni moja-mbili-tatu-ruka, moja-mbili-tatu-ruka, ukiisikia rahisi, ifanye dakika kumi uone misuli ya nyuma ya mguu inavyokwambia. Mimi nina miaka arobaini na mbili, wiki mbili za mwanzo nilikuwa nashuka ngazi kazini kinyumenyume. Ila mwalimu ana subira, anakufundisha mikono peke yake kwanza, kisha miguu, kisha anaunganisha, na ukikosea anaanza upya na wewe bila kupandisha sauti.

Sasa yaliyoniudhi, maana nisiposema haya nitakuwa nawadanganya. Fimbo nilipewa wiki ya tatu na hakuna aliyenionyesha vizuri pa kushika, nikaishika juu mno, ya mwenzangu ikanipata kidole cha kati, kikavimba kikawa bluu na kesho yake nina shifti ya kuinua watu vitandani. Mgeni aonyeshwe kushika chini kabla hajagongana na mtu yeyote, ni maelezo ya dakika moja. Halafu taarifa. Mwezi wa saba mwaka jana nilipanda basi mpaka kijiji fulani, nimevaa njuga zangu kabisa, nafika hakuna mtu, wamehamia pabu nyingine kwa sababu ya mvua na ujumbe umeenda kwenye grupu la wasap ambalo mimi nilikuwa sijaunganishwa bado. Dakika arobaini nimesimama kituoni nimelowa, basi la kurudi limeshapita, teksi ikanila pauni 22. Niliumia roho, wallahi, nilijihisi mgeni siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Waliniomba radhi, wote, si mmoja, na tangu hapo kuna mtu wa gari anayepita kunichukua, lakini ilibidi itokee kwanza.

Na suala la pabu, najua wengi mtaniuliza. Mimi ni Muislamu, sinywi, navaa hijabu. Alhamisi za majira ya joto ngoma ziko nje ya pabu, uani au barabarani, na wakimaliza wenzangu wanaingia kupiga bia na kuimba. Mimi naagiza soda ya tangawizi nakaa nao, hakuna hata siku moja aliyenisukumia glasi wala kunihoji. Lakini kama wewe hutaki kabisa kuwa karibu na pombe, hizo Alhamisi si zako, njoo kwenye zile za mchana. Kofia ilikuwa mtihani, juu ya hijabu inateleza ukiruka mara mbili tu iko chini, dada mmoja wa kundi akaichukua nyumbani kwake akashonea lastiki nyembamba kwa ndani na pini mbili ubavuni, akanirudishia na maua mapya. Haijaanguka tena.

Kwenye safari zao ndiko utamu uliko. Asubuhi ya 1 Mei nikaswali alfajiri nikatoka moja kwa moja, saa kumi na mbili kamili kwaya ya Chuo cha Magdalen inaimba juu ya mnara, chini barabara imejaa maelfu ya watu na wamenyamaza kimya kabisa, wanafunzi ambao hawajalala, wazee, watoto mabegani, halafu kengele za mnara zinafumuka na makundi ya Morris yanaanza kucheza katikati ya mji, magari hakuna. Kama utaona kitu kimoja tu, ona hicho, na ni bure. Jumatatu ya mwisho ya Mei tunaenda kijiji cha Bampton kutazama wenyewe wa huko, wanacheza kutwa nzima bustani kwa bustani za watu, na kuna anayebeba keki ndani ya mkebe uliochomwa upanga na kupambwa maua, ukila kipande ni bahati njema. Nilikula. Mwezi wa sita ni mji wa Abingdon, ambako wakazi wa mtaa wa Ock Street wanapiga kura kumchagua Meya wao wa Morris, anabebwa kwenye kiti, na mbele yake zinatangulia pembe za ng'ombe zilizoandikwa 1700. Hapo ndipo nilipowaona pia wale wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza walioalikwa, wanacheza na viatu vya mbao kama mitalawanda, lami yote inalia.

Januari baridi imeuma tunaenda shamba la matofaa usiku, watu wanagonga masufuria na kupiga kelele kuamsha miti izae, mkate wa kuchoma unatundikwa kwenye matawi. Mwaka huu nilibeba maandazi ya iliki arobaini na chai ya tangawizi kwenye chupa mbili, yakaisha kabla ngoma ya pili haijaanza, na yule mzee wa akodiani akaniuliza kwetu akodiani ipo? Nikamwambia taarabu bila akodiani utaifanyaje, nikamchezea kwenye simu. Akasikiliza kichwa kimeinama, wimbo mzima, moshi wa moto unampiga usoni wala hahami. Wiki mbili baadaye Jumatano kwenye mazoezi, tunafunga njuga, nikamsikia kule pembeni anatafuta ile melodi taratibu, vidole vinakosea, anarudia.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa ajili ya taarifa na kidole changu, wakirekebisha nitaiweka. Kutazama hulipi kitu ila kofia ikipita tia hata pauni moja, pesa nyingi za kundi letu zinaenda kwa misaada. Viatu vije vya soli laini, ardhi ya pabu ina mawe. Msimu unafunguliwa tena 1 Mei, mimi nitakuwa mstari wa kushoto, wa katikati, mwenye kofia juu ya hijabu, ukiniona niite kwa Kiswahili.