Uzoefu wangu na dawa ya kugeuza kutu chini ya kampavani kuukuu (gari la kulala safarini)

Dawa ninayoizungumzia ni ile ya majimaji yenye asidi ya taniki, inayopakwa juu ya kutu na kuifanya nyeusi. Nimeitumia kwenye chesisi (fremu ya gari), mikono ya sasipensheni, vishikilio vya tangi la maji, kalipa za breki (vibanio vinavyokandamiza pedi kwenye diski) na ekzosi. Kwa chuma kisichosuguana na kingine wala kuchemka naipa nyota tano. Kwenye sehemu zinazoteleza na nyuzi za bolti, usiiweke kabisa.

Inafanya kazi kwa kuungana na kutu yenyewe, kwa hiyo chuma kilichong'arishwa hadi kikawa cheupe hakiipi cha kushika. Ondoa magamba kwa brashi ya waya, acha kutu nyembamba iliyoshikamana. Osha mafuta yote. Grisi kidogo tu inatosha kuifanya dawa ijikusanye matone matone badala ya kutanda. Mimina kiasi unachohitaji kwenye kikopo kingine, kwa sababu brashi yenye kutu ikichovywa kwenye chupa huanza kuiharibu dawa iliyobaki. Paka mkono mmoja mwembamba wa dawa. Rangi ya kahawia hugeuka zambarau, kisha nyeusi, na pale panapobaki wekundu pana kutu nene ambayo dawa haikuipenya: rudi na brashi. Mkono wa pili, kisha subiri saa 24 kabla ya rangi. Rangi ni lazima. Ule weusi peke yake hauzuii maji, na ukiuacha wazi chini ya gari kutu hurudi.

Kwenye ekzosi ni hasara, joto huiunguza ikabanduka.

Kalipa ndizo zinazohitaji akili zaidi. Kampavani huegeshwa muda mrefu na hubeba uzito karibu na kikomo chake, kwa hiyo breki iliyokwama huonekana upesi: gurudumu moja linachemka, pedi ya ndani imeisha na ya nje bado nene. Mara nyingi pistoni ni nzima. Toa vile vibati vyembamba ambamo masikio ya pedi hukaa, utaona kutu imevimba chini yake na kuvisukuma ndani, hadi pedi imebanwa kabisa. Ukipaka dawa hapo unaongeza tabaka mahali ambapo nafasi ndiyo inayotakiwa. Kwangua kwa tupa laini hadi chuma kionekane, bila kukila chuma chenyewe, paka grisi ya breki isiyoyeyuka kwa joto, kiasi cha ukungu tu, kisha rudisha vibati vipya. Pedi inapaswa kuteleza kwa kusukumwa na vidole. Pini za kalipa zipate grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya petroli huvimbisha mipira yake, na pini hukwama upya.

Vipande vidogo vinavyofunguka, kama viungo vya handibreki, nimeona vinatoka vizuri zaidi kwa asidi ya sitriki ya unga: gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, usiku mmoja. Suuza kwa maji yenye magadi, kausha na upake mafuta papo hapo, maana kutu mpya ya rangi ya chungwa hujitokeza ndani ya dakika chache. Usitumbukize bolti zilizoandikwa 10.9 au 12.9 kichwani, yaani alama za chuma kigumu. Asidi huingiza haidrojeni kwenye chuma kigumu namna hiyo na bolti inaweza kukatika ikiwa imekazwa. Weka mpya.

Mabomba ya breki yaliyoliwa hadi yana vishimo hayatibiwi kwa dawa yoyote, na kuyapaka rangi ni kuficha hatari. Badilisha kwa bomba la aloi ya shaba na nikeli, ambalo halishiki kutu na hupindika kirahisi. Kabla ya kununua pima kipenyo. Magari mengi hutumia milimita 4.75.

Na gari likikaa, weka magogo kwenye magurudumu na uachie handibreki.