Tahadhari kwa wafugaji wa Goma: vifaranga wanaouzwa kuwa "mitetea kwa rangi"

Ndugu wafugaji, kuna muuzaji anayezungusha makatoni ya vifaranga wa siku moja kati ya Birere na soko la Virunga, naye huwatoza watu bei ya juu kwa vifaranga wa kahawia, akiapa kuwa wote ni mitetea. Baadhi ya wafugaji wa Himbi na Katindo walilisha kundi zima wakingoja mayai, hadi karibu nusu yao wakaanza kuwika.

Linaloponza watu ni kwamba maneno yake yana ukweli ndani yake. Jeni ya rangi ya fedha, yaani chembe ya urithi inayowafanya vifaranga watoke weupe hata wakiwa nayo moja tu, imo katika kromosomu Z, mojawapo ya nyuzi za urithi zinazoamua jinsia ya kuku. Jogoo anazo Z mbili, na mtetea anayo moja tu, aliyoirithi kwa baba. Kwa hiyo jogoo mwekundu, kama wa aina ya Rhode Island Red, akimpanda mtetea mwenye jeni ya fedha, majike wote hutoka wa kahawia na madume hutoka weupe wenye umanjano. Ukiwageuza wazazi hao, jogoo halisi wa fedha kwa mtetea mwekundu, vifaranga wote hutoka weupe. Tena kanuni hii huishia kwenye kizazi cha kwanza: ndugu hao wakipandana wenyewe kwa wenyewe, nusu ya majike huwa wa kahawia na nusu weupe, na madume vivyo hivyo. Muuzaji huyu, alipobanwa, alikiri kwamba hutotolesha mayai ya kuku wake wa kahawia waliopandwa na majogoo wa kundi lilelile. Rangi anayoinadi, basi, haimwambii mnunuzi lolote.

Wale weupe huwauza kuwa kuku wa nyama, na huu kwa maoni yangu ndio wizi mkubwa zaidi, kwani wakiwa wa siku moja hufanana kabisa na wa nyama. Lakini kwenye wiki ya 6, kuku wa nyama akiwa amefikisha kilo 2 hivi, huyu wa ukoo wa mayai bado ni mifupa mitupu, na chakula mmekwisha kukilipia.

Kabla ya kulipa, dai kumwona jogoo na mitetea wazazi, au karatasi ya kituo cha kutotolesha yenye jina la aina na tarehe. Waliokwisha kununua wachunguze upanga wa kichwani: madume huota wao mapema na kuwa mwekundu, na hao ni afadhali kuwauza upesi.